Juu ya nini panya mmoja anakufa na mwenzake anapona?



Kwetu kijijini ugonjwa ulipita mu kuku, ukamaliza karibu zote. Za mama mmoja jirani zikabakia. Watu wakasema iko mchawi, nami nilinyamaza. Leo niwaelezee historia ya panya na leukemia, ile kansa ya damu.

Mwaka 1951, kule New York, daktari Ludwik Gross alisaga viungo vya panya wa aina AK wenye leukemia, akatoa seli zote, akabakia na maji tu. Akadunga maji hayo vitoto vya panya wa aina C3H, vilivyozaliwa hata siku moja haijaisha. Walipokomaa, wakapata leukemia. Kumbe ni virusi! Wengi walikawia kumuamini.

Lakini swali likabakia: virusi ni vile vile, juu ya nini C3H wanakufa na C57BL wengi wanaokoka? Frank Lilly, mtu wa jenetiki, akazalisha aina hizo pamoja, akafuata uzao wao. Mwaka 1964, yeye na Edward Boyse na Lloyd Old wakaonyesha kwamba jibu kubwa liko mu H-2, lile fungu la jeni lililojulikana juu ya kukataa nyama ya kupandikizwa. Wenye H-2k waliugua sana, wenye H-2b waliugua kidogo.

Namna gani? Mwaka 1974, kule Canberra, Zinkernagel na Doherty, wakitumia virusi vingine, waligundua kwamba seli T, askari wa mwili, hazitambui virusi peke yake. Ni lazima H-2 ishike kipande chake na kukionyesha, kama sahani. Sahani isiposhika vizuri, askari hawaoni adui.

Kuku nazo ziko na fungu kama hilo, linaitwa B. Zenye B21 zinavumilia zaidi ugonjwa wa Marek, ambao pia ni virusi vya kuleta uvimbe.

Si kila kuku iliyopona iko na jeni nzuri. Ingine ni bahati tu. Na jeni ya kushinda ugonjwa huu inaweza kushindwa na ule. Kwa hiyo chanjo ibakie, na tuchunge aina nyingi, si moja. Lakini kuku zilizopona tusizichinje zote ku Noeli: tuache zitage.

Na yule mama, njo nimwombe samahani.