Tangawizi na Safari ya Jina Lake

Wapo wanafunzi wanaoshikilia kwamba Kiswahili kililetwa Uganda na wanajeshi tu. Hao tungependa kuwaelekeza jikoni.

Hapa Nagongera tangawizi hutwangwa ikatiwa katika chai ya maziwa, na siku ya sherehe husagwa pamoja na kitunguu saumu kwa ajili ya pilau. Waganda huiita ntangawuuzi. Wanyarwanda husema tangawizi, na huko Kinshasa kinywaji chake ni tangawisi. Kwa nini jina moja lienee hivyo? Jibu limo katika mmea wenyewe. Asili yake ni Asia, na haupandwi kwa mbegu bali kwa kipande chenye jicho. Ndege hawezi kuuleta wala upepo. Sharti mtu aubebe, na abebaye ndiye atajaye jina.

Wabebaji hawakukosekana. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili mwaka 1844. Hatudai kwamba alikuwa na tangawizi mkobani, lakini njia ilikuwa imefunguka. Baada ya vita vya dini vya mwishoni mwa karne ya 19, Waislamu wa Buganda walipewa Butambala, na leo Butambala inasifika kwa kilimo cha tangawizi. Kisha ikaja reli kupitia Tororo, ikafika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Wahindi nao walikuwa na desturi yao ya kupika chai kwa maziwa na viungo.

Jambo moja linatustaajabisha. Karafuu na mdalasini ni majina tuliyoyapokea kupitia Kiarabu. Qur'ani, sura ya 76, inataja zanjabil, na Waswahili wameisoma kwa karne nyingi, ila jikoni wamebaki na tangawizi! Hilo ni swali zuri la tasnifu.

Kuhusu tiba, wazee huichemsha kwa mafua na kikohozi, na huitafuna tumbo linapovurugika. Utafiti umewaunga mkono zaidi katika kutuliza kichefuchefu, hata kile cha wajawazito. Kuhusu kikohozi ushahidi ni mdogo, ingawa koo hupata joto. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza kabla ya kuitumia kwa wingi. Kikombe kimoja cha chai hakina neno.