Ngoma ya nyuki

Nyuki mmoja akivumbua maua yenye utamu, mara wenzake wengi hufika palepale. Nani amewaonyesha njia? Swali hili lilimshika Karl von Frisch, mtaalamu aliyezaliwa Vienna, katika nchi ya Austria, mwaka 1886.

Alijenga mzinga wenye kioo, akawatia nyuki alama za rangi mgongoni, akakaa kuwatazama. Akaona ya kuwa nyuki arudiye na chakula hucheza juu ya sega. Mmoja huzunguka tu. Mwingine hukimbia moja kwa moja akitikisa tumbo, kisha hurudi na kuanza tena. Von Frisch akadhani: ngoma ya kuzunguka ni habari ya maji matamu ya maua, ya kutikisa ni habari ya unga wa maua. Akaandika hivyo, na kwa miaka ishirini hivi akaendelea kuamini hivyo.

Ikaja vita. Wanazi walijua kwamba bibi yake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, wakataka kumfukuza katika chuo kikuu cha München. Lakini siku zilezile ugonjwa uliua nyuki wengi mno, na bila nyuki miti mingi haizai matunda. Basi wakamwacha auchunguze ugonjwa huo. Hivyo nyuki walimwokoa rafiki yao.

Mwaka 1944, akiwa kijijini Brunnwinkl, alisogeza chakula mbali na mzinga. Ndipo alipotambua kosa lake. Ngoma ya kuzunguka yasema: chakula ki karibu. Ya kutikisa yasema: ki mbali, tena yaonyesha upande wake. Ndani ya mzinga mna giza, na sega limesimama wima. Nyuki akikimbia kwenda juu, maana yake: lifuateni jua. Akikimbia kwenda chini: liacheni jua mgongoni. Akitikisa tumbo kwa muda wa sekunde moja, safari ni kama kilometa moja.

Von Frisch hakuona haya kuyasahihisha maandiko yake mwenyewe. Mwaka 1973 alipewa tuzo ya Nobel, pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen, waliochunguza nao mwenendo wa wanyama.

Wasomaji wapenzi, nyuki hucheza ngoma yake bila kufundishwa kusema kweli. Sisi yatupasa kujifunza, na mara nyingine kukiri kwamba tulikosea.