Robocopy: amri ya Windows inayookoa nakala umeme ukikatika

Robocopy ni programu ndogo ya kunakili mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine. Haina vitufe wala picha za kubonyeza: mtumiaji anafungua Command Prompt, anaandika amri, anabonyeza Enter, kazi inaanza. Haipakuliwi wala hailipiwi, maana imo ndani ya Windows tangu toleo la Vista. Miaka ya 1990 Microsoft iliitoa kama zana ya ziada kwa mafundi wa Windows NT.

Nani anaihitaji?

Steshenari ya Kerende, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara wilayani Tarime, au ya mji wowote mdogo, kompyuta moja inaweza kubeba picha za pasipoti, CV, mitihani ya shule na video za harusi za wateja kibao. Diski ikifa bila nakala, vyote vimekwenda.

Tatizo ni kwamba kunakili kwa kukopi na kupesti kukikatizwa na umeme, ni kazi kujua kipi kimeingia na kipi kimebaki. Robocopy ikirudiwa, inalinganisha kwanza. Faili ambalo tayari lipo, ukubwa na tarehe vikiwa vilevile, linarukwa. Yanaendelea yaliyobaki tu.

Amri ya kuanzia

robocopy D:\Picha E:\Nakala /E /Z /R:3 /W:5

- D:\Picha: folda ya chanzo. Huandikwa kwanza.
- E:\Nakala: folda ya kupokea, mfano kwenye flashi.
- /E: chukua na folda zote za ndani, hata zilizo tupu.
- /Z: faili kubwa likikatizwa, liendelee lilipoishia.
- /R:3 na /W:5: faili likigoma, jaribu tena mara 3, kila baada ya sekunde 5.

Hizo mbili za mwisho si za kuachwa. Bila kuziandika, Robocopy hujaribu tena mara 1,000,000 na kusubiri sekunde 30 kila mara. Faili moja bovu linaweza kuing'ang'aniza kompyuta kwa siku 347.

Jina la folda likiwa na nafasi katikati, liwekwe ndani ya alama za kunukuu: "D:\Picha za Harusi".

Hatari ya /MIR

Hapa ndipo watu wanapolia. /MIR hufanya folda ya kupokea ifanane kabisa na chanzo, yaani kisichokuwepo kwenye chanzo kinafutwa upande wa pili. Mtu akigeuza majina kwa bahati mbaya, flashi tupu ikawa chanzo, folda yenye kazi zote inafagiliwa. Na mafaili hayo hayaendi Recycle Bin.

Kinga ni /L. Ikiongezwa mwishoni mwa amri, Robocopy inaonyesha tu ingefanya nini, bila kugusa kitu. Orodha ikiwa sawa, /L inaondolewa na amri inarudiwa.

Isichoweza

Robocopy haibadili aina ya faili. Picha haiwi PDF, wala video haipunguzwi ukubwa.

Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya kwa kawaida haipewi herufi kama D au E, hivyo Robocopy haiioni. Memori kadi ikitolewa na kuwekwa kwenye kisomaji, inaonekana.

Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Pia hutunza muda kwa ukadiriaji wa sekunde 2, ndiyo maana wakati mwingine mafaili yaleyale hunakiliwa upya. Dawa ni kuongeza /FFT.

Kabla ya kufuta chanzo

Mwisho wa kazi Robocopy hutoa jedwali la muhtasari. Safu ya kuangalia ni FAILED. Isiposoma 0, kuna kilichobaki nyuma. Ikisoma 0, bado ni vizuri kufungua mafaili mawili matatu kwenye nakala yenyewe kabla ya kufuta yale ya mwanzo.