Kerezo: mti unaozunguka na kisu kinachongoja

Mjini Kahama, neno kukereza limezoea chuma. Shafti ya karasha la kuvunjia mawe ya dhahabu ikilika, mwenye nalo huitoa machimboni na kuipeleka kwa fundi wa kukereza. Puli ikipasuka, hukerezwa nyingine. Mji umezungukwa na kazi za namna hiyo: mgodi wa Bulyanhulu uko upande mmoja, wa Buzwagi ulikuwa mlangoni hadi ulipofungwa mwaka 2021, na barabara ya Geita haikauki magari. Kwa hiyo mtu wa kata ya Nyasubi mjini hapa akisema amenunua kerezo kuukuu, swali linalofuata ni moja: la chuma au la mbao? Hapa tunazungumzia la mbao, lile la miguu ya meza, nguzo za vitanda, mipini na mabakuli, na hasa lile ambalo limekaa miaka stoo, kutu imelishika na nyaya zake zimeliwa na panya.

Kerezo ni mashine inayoshika kipande cha kazi na kukizungusha, huku fundi akikisogezea kisu. Katika kuranda, randa ndiyo inayotembea. Katika kupasua, ni msumeno. Katika kutoboa, keekee huzunguka na ubao umetulia. Kwenye kerezo mambo yamegeuka: mti ndio uendao mbio, na chuma kinangoja. Fasili hiyo fupi nasisitiza ishikwe sawasawa, kwa sababu karibu kila uamuzi wa kulifufua kerezo, kuanzia beringi hadi swichi, unatoka humo.

Kitenzi chenyewe ni cha zamani. Kamusi zimekihifadhi kama kereza, na pembeni yake umbo keeza. Kazi hiyo ilikuwepo pwani kabla ya mota: uzi wa upinde uliviringwa kwenye kipande cha mti, upinde ukavutwa huku na huku, na mti ukazunguka mbele kisha nyuma. Patasi ilikata mti ulipomjia fundi tu. Uliporudi nyuma, aliiondoa kidogo akangoja. Ukiitazama miguu ya vitanda vya kale vya Lamu na Zanzibar, yenye vifundo na mabonde yake, unaona kazi ya mkerezaji. Basi hatuhitaji kubuni chochote. Tuna kereza, mkerezaji, ukerezaji na kerezo. “Mashine ya kukereza” inafaa kwenye kibao cha dukani, lakini mtu akianza kutaja sehemu zake, jina refu humchosha. “Kitanda cha kerezo” kinatamkika. Kuhusu “mashine ya kuzungushia mbao”, ambayo huandikwa na watu wasiowahi kuwauliza mafundi, sina la kuitetea.

Sehemu zake bado hazina majina yaliyokubaliwa na wote. Nitatumia yanayojieleza. Kitanda ni zile reli mbili ndefu za chuma. Kichwa kimekaa kushoto, na ndani yake mna spindeli, ule mhimili unaozungushwa na mota kwa mkanda. Mkia uko kulia na husogea kufuata urefu wa mti. Katikati kuna egemeo, mahali pa kulaza patasi.

Anayeanza hupenda kuanza na rangi. Aanze na spindeli. Kwa kuwa mti ndio unaozunguka, uzito wote na kila pigo la patasi hutua kwenye beringi za kichwa. Ondoa mkanda, izungushe spindeli kwa mkono na usikilize: ikikwaruza kama yenye mchanga, beringi zimekwisha. Kisha ingiza ubao chini yake na uinyanyue kidogo. Ikicheza, hakuna patasi itakayokupa uso laini, hata ukiinoa mchana kutwa. Mashine za zamani sana huwa na bushi za shaba badala ya beringi, nazo zinataka mafuta kila siku ya kazi. Kutu ya kitanda ni jambo jepesi, mafuta ya taa na msasa vinatosha. Mwisho sogeza mkia mpaka ncha yake ikutane na ncha ya kichwa. Zikipishana, kwanza safisha uchafu ulioganda chini ya mkia, kabla hujalaumu kiwanda.

Sasa mwendo. Mota ya kawaida ya ncha nne za sumaku, kwenye umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Spindeli ikienda hivyo, uso wa mguu wa meza wenye kipenyo cha sentimita 6 hupita mbele ya patasi kwa kilomita 16 hivi kwa saa, mwendo wa baiskeli. Funga pande la mninga la bakuli, la sentimita 30, bila kugusa chochote kingine: ukingo wake unakimbia kilomita 81 kwa saa, na kama lina ufa, vipande vitakuja usoni. Wakerezaji wana hesabu yao ya haraka: kipenyo kwa inchi, mara mizunguko kwa dakika, jibu libaki kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12 basi linataka mizunguko 500 hadi 750. Puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye spindeli zitakupa 720.

Kwenye umeme ndipo wengi hukwama. Makerezo mengi yaliyotoka kwenye karakana kubwa yana mota ya njia tatu (fezi tatu), ya volti 400 au 415, na nyumba nyingi zina njia moja ya volti 230. Kuomba njia tatu TANESCO kunawezekana, ila kwa gharama kubwa zaidi. Chaguo la pili ni kubadilisha mota, ufunge ya njia moja yenye kapasita, iliyofunikwa pande zote ili vumbi la mbao lisiingie. La tatu ni inveta ya kuendeshea mota, inayopokea njia moja na kutoa tatu. Hapo soma kibati cha mota kwanza. Kikiandikwa 230/400, vilima vyake vinaweza kuunganishwa kwa pembetatu vifanye kazi kwa volti 230. Kikiandikwa 400 peke yake kwa nyota, inveta ya kawaida ya volti 230 haitaifikisha mota kwenye volti hizo.

Nyaya kuukuu zinataka macho. Katika mashine za zamani za Kiingereza za njia tatu, nyekundu, njano na bluu ndizo za moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ya ardhi. Katika utaratibu mpya, ambao Uingereza yenyewe iliuanza kwenye nyaya za majengo mwaka 2004, kahawia, nyeusi na kijivu ndizo za moto, na bluu imekuwa nyutro. Yaani bluu na nyeusi zimebadilishana kazi. Usiamini rangi, pima. Waya wa ardhi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na unganisho la mwisho ukutani liachwe kwa fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kabla ya kufunga mti wowote, angalia upande wa mzunguko. Ukisimama mahali pa mkerezaji, juu ya spindeli panapaswa kuja kwako na kushuka kuelekea patasi. Ikizunguka kinyume, mti utainyanyua patasi kutoka kwenye egemeo, na sahani ya kushikia mti, iliyoskrubiwa kwenye spindeli, inaweza kujifungua yenyewe kazi ikiendelea. Kwa njia tatu dawa ni kubadilishanisha nyaya mbili zozote za moto.

Mwisho ni swichi, na hapa sikubali ubahili. Swichi ya ukutani haifai. Umeme ukikatika, fundi huacha mti ulipo, huweka mkono juu yake, huondoka kunywa chai. Umeme ukirudi, ule mti unaanza kuzunguka bila kumuuliza mtu. Linalotakiwa ni stata yenye koili. Ukibonyeza kitufe cha kijani, koili hupata umeme, huvuta miguso ya ndani na kujishikilia kupitia mguso wake mwenyewe. Umeme ukienda, sumaku huachia. Ukirudi, miguso imeshatengana, na mashine inakaa kimya mpaka mtu abonyeze tena. Breka ya kwenye bodi haifanyi kazi hiyo hata iwe mpya kiasi gani, kwani umeme unapokatika mtaani yenyewe hubaki imewashwa.