Røros: Mji Uliojengwa kwa Njia ya Barafu

Yapo mazoea miongoni mwa wasafiri wa Ulaya ya kuizuru miji midogo ya kale wakati wa kiangazi, siku ziwapo ndefu na njia zote zikipitika. Majira ya baridi huhesabiwa kuwa majira ya kufa: milango hufungwa, miti hupukutika, na mgeni husubiri jua lirudi. Mazoea hayo yana sababu zake, lakini humnyima mtu jambo moja kubwa. Ipo miji ambayo historia yake haionekani vema ila wakati wa theluji, kwa kuwa theluji ndiyo iliyoijenga. Mmojawapo ni Røros, mji mdogo wa milimani katika nchi ya Norwei, karibu na mpaka wa Uswidi.

Røros uko zaidi ya meta 600 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa tano hivi kwa siku, na mnamo Januari 1914 baridi ilipimwa huko ikafikia nyuzi 50.4 za Selsiasi chini ya sifuri. Mahali kama hapo nafaka haistawi. Kilichowavuta watu wakajenga mji ni shaba. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1644 mkulima mmoja, Hans Olsen Aasen, alimpiga risasi kulungu wa nchi za theluji, na mnyama yule alipokuwa akitapatapa alikwangua ardhi kwa kwato zake, mawe yenye kung'aa yakajitokeza. Masimulizi hayo na yapokewe kama masimulizi. Lililo thabiti ni kwamba kazi ya kuchimba shaba ilianzishwa mwaka huo huo wa 1644, nayo ikaendelea kwa miaka 333.

Mwaka 1646 Mfalme wa Denmark na Norwei aliipa kampuni ya shaba haki juu ya nchi yote iliyomo ndani ya duara, ambalo ukingo wake ulikuwa umbali wa kilomita 45 hivi kutoka katikati. Misitu, mito na madini yaliyomo humo yakawa chini ya kampuni. Wakulima wa humo walilazimika kukata miti, kuchoma makaa na kuchukua mizigo kwa ujira uliopangwa. Sisi ambao nchi zetu ziligawanywa kwa kalamu na rula katika karne ya 19 hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya duara lililochorwa juu ya ardhi ya watu. Vita navyo havikuuacha mji. Majeshi ya Uswidi yaliushambulia mwaka 1678 na tena mwaka 1679, yakauteketeza. Ulijengwa upya, na mpango wa njia zake umebaki hadi leo.

Sasa na tuulize swali ambalo mtalii wa kiangazi haliulizi: mizigo yote ile ilipitaje? Shaba haitoki mwambani kwa mikono mitupu. Katika siku za mwanzo wachimbaji waliwasha mioto mikubwa ya kuni mbele ya mwamba hata ukapasuka kwa joto. Mawe yaliyopatikana yalihitaji kuchomwa, kisha kuyeyushwa katika matanuri yaliyokula makaa bila kushiba. Misitu ya karibu ikaisha upesi, na makaa yakawa hayana budi kutolewa mbali zaidi mwaka hata mwaka. Lakini nchi ile wakati wa kiangazi ni mabwawa, matope, mawe na maziwa. Gari lenye mzigo mzito huzama au huvunjika. Hapo ndipo baridi ilipogeuka kuwa msaidizi. Maji yalipoganda, ziwa likawa uwanja, na bwawa likawa barabara. Farasi mmoja aliweza kuburuta juu ya theluji, kwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu, mzigo ambao asingeuweza kamwe kiangazi. Mawe yalipelekwa kwenye matanuri, makaa yakaletwa kutoka misituni, na shaba iliyokwisha safishwa ikasafirishwa hadi bandari ya Trondheim.

Basi majira ambayo sisi tungedhani ni ya kujikunyata kando ya moto yalikuwa ndiyo majira ya safari. Mkulima aliacha nyumba yake, akalala njiani, akaamka gizani kumtazama farasi wake. Barafu ikivunjika, alipoteza mnyama, mzigo, na pengine roho yake. Wahenga wetu walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kipande cha shaba kilichopakiwa merikebuni kilikuwa na jasho la mtu aliyetembea katika baridi.

Mgeni afikapo Røros wakati wa theluji huyaona hayo yote yakiwa mahali pake. Nyumba ni za mbao, za ghorofa moja au mbili, nyingi zikiwa zimegeuka rangi na kuwa nyeusi kwa umri. Nyuma yake mna nyua zilizokuwa na mazizi, kwa kuwa mchimbaji alifuga ng'ombe ili aweze kuishi. Juu ya mji limesimama kanisa jeupe la mawe, lenye pande nane, lililozinduliwa mwaka 1784. Mnarani pake zimewekwa nyundo, alama ya wachimbaji. Ukipanda kidogo utafika Sleggveien, njia ya vijumba vya mafukara, chini ya vilima vyeusi vya takataka ya matanuri, ile ambayo wahunzi wetu huiita mavi ya chuma. Utajiri na umaskini vilikaa hatua chache tu kati yao.

Maisha ya watu hao yalipata mwandishi wao, Johan Falkberget, aliyezaliwa mwaka 1879 na kuanza kazi machimboni kabla hajatimiza miaka kumi. Katika riwaya zake hakuwatukuza wakurugenzi wa kampuni. Mhusika wake mashuhuri, An-Magritt, ni msichana maskini achukuaye mizigo ya machimbo kwa ng'ombe wake.

Njia za barafu zilileta pia biashara. Tangu mwaka 1854 pamekuwa na gulio kubwa, Rørosmartnan, linaloanza Jumanne ya kabla ya mwisho ya mwezi Februari. Hadi leo wapo waendeshao sleji za farasi kutoka wilaya za mbali, hata kutoka Uswidi, wakisafiri siku kadhaa ili wafike gulioni. Reli iliufikia mji mwaka 1877, ikachukua kazi kubwa ya farasi. Mwaka 1977 kampuni ya shaba ikafilisika. Miaka mitatu baadaye UNESCO iliutia mji katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2010 urithi huo ulipanuliwa ukaingiza nchi iliyouzunguka mji, pamoja na ile njia ya kusafirishia mizigo wakati wa baridi. Hili lastahili kutafakariwa: mataifa yamekubali kuihifadhi barabara ambayo kila mwaka huyeyuka.

Walimu wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda Norwei ili tulielewe somo hili. Neno letu msimu limetoka katika Kiarabu, nalo hutukumbusha kwamba miji ya pwani, kama Lamu na Kilwa, ilijengwa na pepo: kaskazi ikileta majahazi, kusi ikiyarudisha. Mwenye kuizuru miji hiyo akatazama kuta tu, asiulize upepo ulivuma lini na nani alibeba mizigo kutoka bara, ameona nusu ya historia. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza maswali mawili mbele ya kila jengo la kale: vitu hivi vilifika hapa kwa njia gani, na katika majira gani? Majibu ya maswali hayo yatawafikisha kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani, bali migongo yao ndiyo iliyouinua ukuta.