Kinachoogofya Katika Simulizi za Gede

Magofu ya Gede, kusini mwa Malindi katika pwani ya Kenya, yamezungukwa na msitu na simulizi za mizimu. Wenyeji husimulia kwamba wazee wa kale wa mji huo bado wanaulinda, na anayeuharibu hupatwa na balaa. Ni rahisi kudhani kwamba hofu ya simulizi hizi inaletwa na mizimu yenyewe. Ukweli ni kwamba inaletwa na pengo la historia. Mji uliokuwa na msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mawe ya matumbawe, uliokaliwa tangu karne ya 12 hivi, ulihamwa katika karne ya 17 na hakuna aliyeandika kwa nini. Wareno walikaa Malindi, mwendo wa saa chache kwa miguu, lakini maandishi yao hayautaji mji wowote kwa jina la Gede.

Ngome ya Yesu, ya Wareno huko Mombasa, inathibitisha kwa mfano wa kinyume kwamba pengo ndilo linaloogofya. Ilizingirwa kuanzia 1696 hadi 1698, na wengi wa waliokuwa ndani wakafa kwa njaa na maradhi. Kisa hicho kinahuzunisha, lakini mwanzo na mwisho wake vinajulikana, basi msikilizaji hana cha kungojea. Gede humwacha akingoja. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, alieleza kwamba siku za mwanzo alihisi kutazamwa kutoka nyuma ya kuta na kitu kisicho adui wala rafiki, kilichosubiri jambo ambalo chenyewe kilijua litatokea. Hakusema ameona chochote, na ndiyo maana maelezo yake yanasisimua: angekipa kitu hicho sura, msomaji angejua la kuogopa, na wasiwasi ungepungua.

Wapo watakaosema kwamba uchimbaji ulipaswa kuzima simulizi hizi. Haukuzizima, kwa sababu uliongeza majibu bila kuchagua moja. Kisima cha karibu na msikiti mkuu kilizidishwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yakipungua. Wengine hutaja vita vya wavamizi Wazimba vya 1589, wengine kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi, na wengine ujio wa Waoromo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fumbo la mji uliopotea huwafuta walioishi humo. Pingamizi hili lina haki. Kirkman huyohuyo aliandika kwamba majengo ya kale ya pwani ni ya Waarabu na Waajemi, wala si ya Waafrika, na ilibidi watafiti waliofuata, akiwemo Chapurukha Kusimba, waonyeshe jinsi miji hii ilivyokua kutoka kwa jamii za pwani zenyewe. Lakini kosa hilo halikuzaliwa na mizimu. Simulizi ya wenyeji inasema waziwazi kwamba mji una wenyewe, na kwamba hawajaondoka.

Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na wageni watazidi kuomba kusimuliwa habari za mizimu. Anayewasimulia aanze kwa kuwataja Waswahili walioujenga mji huo, kisha aliache wazi swali la kuondoka kwao. Akifanya hivyo, atakuwa ameitendea haki historia na simulizi pia.