Ajali ya Kavumu na maneno ya radio trotwari

Tarehe 12 Februari 2012 ndege ndogo ilipita mwisho wa kiwanja cha Kavumu, karibu na Bukavu, ikaanguka bondeni. Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa karibu wa Rais Kabila, alikufa. Radio trotwari ikaanza kazi: si ajali, wamemwua. Waziri wa feza Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, aliumia lakini akapona. Mwezi wa nne akawa waziri mkuu. Maneno yakazidi! Marubani wawili walikufa pia, nani aliwalilia?

Ninyi mliokimbia vijiji, mnaopokea habari kwa simu: Novemba 1961 askari wa ndege 13 wa Italia, watu wa ONU, walidhaniwa mamluki wa Tshombe. Waliuawa hapa hapa Kindu.